Damu chini ya leza au tochi mdomoni: njia za kuiwahi saratani ya kinywa

Mtu ametafuna tambuu yenye tumbaku kwa miaka ishirini. Hana maumivu, anakula vizuri, ila amesikia kwamba saratani ya kinywa ikiwahiwa hutibika, na sasa anataka kupimwa. Apimwe vipi? Jibu la siku zote ni kwamba afungue mdomo, aangaliwe. Jibu jipya, linalotoka katika maabara za utafiti, hasa India, ni kwamba atolewe damu kidogo, damu hiyo imulikwe kwa leza, kisha kompyuta isome mwanga unaorudi. Katikati ya hayo mawili kuna taa ya bluu anayoishika daktari wa meno, rangi ya kupaka juu ya doa, na brashi ya kukwangua seli. Nimeziweka njia hizi bega kwa bega kwa ajili ya watu wa aina mbili: anayetaka kupimwa yeye mwenyewe au kumpeleka mzee wake, na anayeandaa siku ya upimaji mtaani, kazini au msikitini akiwa na fedha za njia moja tu.

Nasema mapema ninakoegemea. Leo hii, kwa mtu asiye na dalili, tochi na macho yaliyofundishwa ndiyo chaguo langu. Damu chini ya leza naitakia mema, na kuna watu ambao huenda siku moja ikawafaa kuliko tochi, nao nitawataja. Ila sababu zangu si zile za kawaida, kwamba leza ni ghali au kwamba ni mambo ya wazungu wa maabara. Sababu ziko kwenye namba, na kwenye swali ambalo kila kipimo lazima kilijibu: majibu yakishatoka, mgonjwa anaelekea wapi?

Kwa nini mazungumzo haya yanaanzia India

Makadirio ya mwaka 2022 yanaonyesha kwamba watu takriban 390,000 duniani waligunduliwa na saratani ya midomo na kinywa, na takriban 188,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wapya walikuwa India. Chanzo kikubwa huko kinajulikana: tumbaku ya kutafuna, pamoja na popoo, iwe ndani ya jani la tambuu au kwenye vipakiti vya gutkha. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, lilitangaza kwamba popoo yenyewe husababisha saratani kwa binadamu, hata isipochanganywa na tumbaku.

Hapo ndipo habari hii inapofika Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Tambuu ya pwani yetu, pamoja na popoo na chokaa yake, ni ile ile iliyovuka bahari. Wengi bado wanaihesabu kuwa kitu cha heshima baada ya chakula, wala hawaioni kuwa na uhusiano wowote na sigara. Ongeza ugoro unaowekwa chini ya mdomo na kuberi ya vipakiti inayopendwa na vijana, utaona kwamba utafiti wa Mumbai na Kerala, huko India, unatuhusu moja kwa moja.

Damu inapomulikwa kwa leza

Mwaka 1928, mjini Kolkata, mwanafizikia C. V. Raman na mwenzake K. S. Krishnan walionyesha kwamba mwanga ukigonga kitu, sehemu ndogo sana ya mwanga huo hurudi ikiwa imebadilika rangi. Miaka miwili baadaye Raman alipewa Tuzo ya Nobeli. Badiliko hilo linatokana na jinsi molekuli zinavyotikisika: protini ina mtikisiko wake, mafuta yana wao, DNA ina wake. Mwanga uliorudi ukipangwa kwa rangi zake hutoa mchoro wa vilele na mabonde unaoitwa spektra, na mtaalamu anaweza kusema kilele hiki ni cha nani. Kikwazo ni kwamba mwanga huo uliobadilika ni haba mno, chembe moja tu kati ya mamilioni. Ndiyo maana ilibidi kungoja leza na vipokezi nyeti ndipo njia hii iweze kutumika kwa urahisi kwenye vitu vya mwili wa binadamu.

Kwa saratani ya kinywa utaratibu ni mwepisi kuueleza. Unatolewa damu mshipani kama kwa kipimo kingine chochote. Damu inaachwa igande, inazungushwa kwenye mashine, na yale maji ya manjano yanayobaki juu, yaani seramu, ndiyo yanayomulikwa. Kinachohitajika ni kiasi kidogo sana, hakuna dawa ya kuchanganya, na kusoma sampuli moja hakuchukui muda mrefu. Kisha programu ya kompyuta inalinganisha spektra yako na za watu ambao hali zao zinajulikana, wazima na wagonjwa, na kusema unafanana na kundi lipi.

Wazo lililo nyuma yake ni la busara. Uvimbe wa saratani haujifichi peke yake mdomoni; unakula, unatoa taka, unaamsha kinga ya mwili, na yote hayo hubadilisha mchanganyiko wa vitu ndani ya damu. Vipimo vingi vya maabara hutafuta kitu kimoja, protini fulani au kemikali fulani. Leza haichagui. Inapiga picha ya mchanganyiko mzima kwa mara moja, na kama saratani imeacha alama kumi ndogo badala ya moja kubwa, huenda zote zikaonekana pamoja.

Kituo cha ACTREC cha Navi Mumbai, ambacho ni sehemu ya Tata Memorial Centre, kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hili. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2015 walipima seramu za watu 328: wazima, wenye madoa yanayoweza kugeuka saratani, wagonjwa wa saratani ya kinywa, na wagonjwa wenye maradhi mengine. Walipoipa kompyuta kazi ya kutenganisha wazima na wasio wazima, iliwanasa 64 katika kila 100 wenye kasoro, na iliwaacha salama 80 katika kila 100 wazima. Kwa maneno mengine, 36 wenye kasoro walipita bila kuonekana, na wazima 20 waliambiwa wana tatizo. Watafiti hao hawakutia chumvi. Walikipendekeza kipimo chao kiwe msaidizi wa uchunguzi wa macho. Wanaokuja baadaye kukinadi ndio wanaoiacha sentensi hiyo.

Tochi na macho yaliyofundishwa

Upande wa pili kuna kitu ambacho hakina mvuto wowote wa kiteknolojia. Mtu anakaa kwenye kiti penye mwanga, anavua meno ya bandia kama anayo, na mhudumu aliyefundishwa anakagua midomo, ndani ya mashavu, fizi, kaakaa, ulimi juu na pembeni, na sakafu ya kinywa chini ya ulimi, kisha anapapasa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Anatafuta doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 2, uvimbe, na ngozi ya ndani ya shavu iliyokakamaa kama kamba. Kazi yote ni ya dakika chache.

Njia hii ndiyo iliyopimwa kwa swali gumu kuliko yote: je, inapunguza vifo? Mwaka 1996, katika wilaya ya Thiruvananthapuram jimboni Kerala, maeneo 13 yaligawanywa kwa kura. Wakazi wa maeneo saba, wenye umri wa miaka 35 na kuendelea, walialikwa kukaguliwa kinywa; wa maeneo sita waliendelea na huduma za kawaida. Waliokwenda nyumba kwa nyumba hawakuwa madaktari, walikuwa watu waliosoma chuo kikuu wakapewa mafunzo ya kazi hiyo. Kati ya watu 96,517 walioandikishwa upande wa ukaguzi, 87,655 walikaguliwa angalau mara moja.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa 34%. Kwa watu wote kwa jumla tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kuwa bahati tu. Ufuatiliaji wa miaka 15 ulipochapishwa mwaka 2013, kwa watumiaji wa tumbaku au pombe bado kulikuwa na pungufu ya 24%. Maeneo 13 si mengi, na wakosoaji wamelisema hilo kwa haki. Ila ukiuliza ni njia gani ya kuwahi saratani ya kinywa iliyoonyeshwa kwa jaribio la kura kuokoa maisha, unarudi kwenye tochi hii. Mwaka 2016 serikali ya India iliingiza ukaguzi wa kinywa kwa macho katika mwongozo wake wa upimaji wa saratani kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5.

Na usahihi wake? Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya tafiti kumi zenye watu 25,568. Katika zile zilizofanana na jamii ya kawaida, yaani wenye ugonjwa ni wachache, ukaguzi wa macho uliwanasa kati ya 50 na 99 katika kila wagonjwa 100. Huo ni upana wa kutisha, na maana yake ni moja: inategemea sana nani anaangalia. Kwa upande wa kuwaacha wazima, tafiti zilikubaliana: kati ya 94 na 99 katika kila 100.

Namba zikikutana

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakwenda polepole. Ukisikia 64 kwa leza na 50 hadi 99 kwa macho, unaweza kudhani ni mbio za karibu. Lakini katika upimaji wa watu wasio na dalili, wengi mno ni wazima. Kwa hiyo namba inayotawala siku yako ni ile ya pili, ya kuwaacha wazima.

Chukua wale 87,655 wa Kerala. Wahudumu wenye tochi waliwapa rufaa watu 5,145, karibu 6 katika kila 100. Sasa weka kipimo kinachomwita mzima mmoja katika kila watano. Hesabu yake inakaribia watu 17,000 walioitwa bure, kabla hujaongeza wagonjwa wenyewe. Kila mmoja wao atapoteza siku ya kazi, atalipa nauli, atalala usiku kadhaa akiamini ana saratani. Na foleni ya wataalamu wachache itajaa watu wazima, huku mwenye kidonda cha kweli akisubiri nyuma yao.

Tena hata kwa rufaa zile 5,145, waliofika hospitali walikuwa 3,218 tu, sawa na 63%. Watu 1,927 walioambiwa uso kwa uso kwamba kuna kitu mdomoni mwao hawakwenda. Nilipoiona namba hiyo mara ya kwanza ilinigusa kuliko ile ya vifo. Mhudumu anaweza kumpa mtu kioo na kumwambia, tazama hapa, shemeji, unaliona hili doa? Karatasi ya maabara inayosema seramu yako inafanana na kundi la wagonjwa itamwamsha nani kitandani?

Leza imeona nini: tumbaku au saratani?

Kuna kilele kimoja kwenye spektra ya seramu ambacho hung'aa kuliko wenzake, nacho ni cha beta-karotini, ile rangi ya machungwa iliyomo kwenye karoti, maembe, mchicha na mawese. Kwenye tafiti za leza ni miongoni mwa vitu vinavyobadilika kati ya wazima na wagonjwa. Tatizo ni kwamba beta-karotini katika damu hufuata chakula unachokula, na wavutaji wa tumbaku kwa kawaida huwa nayo pungufu kuliko wasiovuta.

Fikiria basi utafiti ambao wagonjwa wake karibu wote ni watumiaji wa tumbaku, na wazima wake ni wanafunzi na wafanyakazi wa hospitali wasioitumia. Kompyuta itatenganisha makundi hayo vizuri sana, na huenda ilichojifunza ni kumtambua mtumiaji wa tumbaku. Ukiipeleka kwa watafunaji wa soko la Darajani, Unguja, itawaita karibu wote. Kwa hiyo utafiti wowote wa aina hii ukikujia mkononi, kabla ya kutazama asilimia tafuta jambo moja: wale wazima walikuwa watumiaji wa tumbaku pia? Kama hawakuwa, asilimia zake zipokee kwa tahadhari kubwa.

Kuna na mambo madogo ya maabara yanayoweza kuharibu picha. Chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kutoa damu, rangi yake huingia kwenye seramu. Sampuli ikichelewa kutenganishwa au ikikaa kwenye joto la Tanga bila jokofu, mchanganyiko hubadilika. Leza mbili za viwanda tofauti hazitoi mchoro ule ule bila kurekebishwa. Haya yote yanatatulika, lakini yanamaanisha kwamba kile kinachoitwa kipimo cha gharama ndogo kinahitaji nyuma yake jokofu, umeme wa uhakika, usafiri na fundi.

Damu haisemi mahali

Hoja hii kwangu ndiyo nzito kupita zote. Saratani haithibitishwi kwa damu wala kwa mwanga. Inathibitishwa kwa biopsi, yaani kukatwa kinyama kidogo na kupelekwa kwa mwanapatholojia akitazame kwa hadubini. Ili ukate, lazima ujue pa kukata. Seramu ikisema kuna kasoro, hatua inayofuata ni kufungua mdomo na kuangalia. Yaani umezunguka mbali ukarudi kwenye tochi. Na kama mdomo ukionekana safi? Hapo mgonjwa na daktari wote wawili wanabaki na hofu isiyo na pa kuishika.

Linganisha na ubongo. Huko Glasgow, Uskoti, kampuni ya Dxcover iliyotokana na Chuo Kikuu cha Strathclyde imekuwa ikitengeneza kipimo cha seramu kinachotumia mwanga wa infraredi, binamu wa njia ya Raman, kusaidia kutambua uvimbe wa ubongo. Kule naona mantiki yote. Ubongo umefungwa ndani ya fuvu, maumivu ya kichwa yana sababu mia, na picha za CT au MRI ni ghali na zina foleni; kipimo cha damu kinachosema nani apigwe picha kwanza kina kazi ya kufanya. Kinywa hakina fuvu. Ni miongoni mwa viungo vichache ambavyo saratani yake huota mahali ambapo mke, kinyozi au mwenyewe mbele ya kioo angeweza kuiona.

(Kujikagua mwenyewe kwa kioo ni jambo jema, ila usilitegemee. Mapitio yale ya Cochrane yaliona kwamba kujikagua kuliwanasa kati ya 18 na 33 tu katika kila wagonjwa 100.)

Taa ya bluu, rangi na brashi

Hizi nazipitia haraka kwa sababu zinachanganywa sana na upimaji wa watu wasio na dalili, wakati kazi yake ni nyingine: zinatumika doa likishaonekana. Taa ya bluu huifanya ngozi ya kinywa yenye afya ing'ae kijani, na penye kasoro huonekana giza. Bahati mbaya kidonda cha kujing'ata nacho huonekana giza. Mapitio mengine ya Cochrane ya mwaka huo huo wa 2021 yaliona kwamba vifaa vya mwanga vya kumulika mdomoni viliwanasa 87 katika kila 100 wenye ugonjwa, lakini viliwaacha salama 50 tu katika kila 100 wasio nao. Ni sawa na kurusha sarafu. Rangi ya bluu ya toluidini ilipata 86 na 68. Brashi ya kukwangua seli na kuzipeleka maabara ndiyo iliyofanya vizuri zaidi, 90 na 94.

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2017 haukupendekeza taa, rangi wala vipimo vya mate kutumika kuamua juu ya doa linalotia shaka. Ulisema ikatwe biopsi, na brashi ibaki kwa mgonjwa anayekataa kukatwa. Kwa hiyo kliniki ikikutangazia taa ya bluu kuwa ndiyo kipimo cha saratani, uliza kama wana mtu wa kukata kinyama. Kama hawana, taa hiyo haina pa kukufikisha.

| | Tochi na macho | Damu chini ya leza | Taa ya bluu mdomoni | Brashi ya seli |
|---|---|---|---|---|
| Inamfaa nani sasa | Mtumiaji wa tumbaku, popoo au pombe asiye na dalili | Mshiriki wa utafiti | Doa lililokwisha onekana, mikononi mwa mtaalamu | Mwenye doa anayekataa kukatwa kinyama |
| Inaonyesha mahali? | Ndiyo | Hapana | Ndiyo | Mahali palipokwanguliwa tu |
| Wagonjwa wanaonaswa katika 100 | 50 hadi 99 | 64 (utafiti mmoja, watu 328) | 87 | 90 |
| Wazima wanaoachwa salama katika 100 | 94 hadi 99 | 80 | 50 | 94 |
| Imeonyeshwa kupunguza vifo? | Ndiyo, kwa watumiaji wa tumbaku au pombe | Bado | Bado | Bado |

Angalizo kuhusu jedwali: safu mbili za mwisho, yaani taa ya bluu na brashi, zilipimwa kwa watu ambao tayari walikuwa na doa, kwa hiyo usizisome kana kwamba zinashindana na tochi mtaani.

Pale ambapo damu ingeweza kushinda

Nimeahidi kuwataja. Wa kwanza ni mtu ambaye mdomo haufunguki. Popoo ikitafunwa miaka mingi hukakamaza ngozi ya ndani ya mashavu hadi mtu anashindwa kuingiza vidole vitatu mdomoni. Ni hali inayojulikana kugeuka saratani, na ndiyo hiyo hiyo inayomzuia mhudumu asione nyuma ya magego. Tochi hapa imefungiwa mlango. Kipimo cha damu kingekuwa na thamani ya kweli kwake.

Wa pili ni aliyekwisha tibiwa. Baada ya upasuaji na mionzi, kinywa kina makovu, rangi imebadilika, mate yamekauka, na jicho linapata tabu kutofautisha kovu na uvimbe unaorudi. Kundi lile lile la Navi Mumbai limechunguza kama seramu inaweza kuashiria ni nani saratani yake itarudi. Hapa yale matatizo niliyoyaeleza yanapungua: watu ni wachache, wote wako hatarini, tayari wana daktari na miadi, na mtu anaweza kulinganishwa na damu yake mwenyewe ya miezi iliyopita badala ya ya watu wengine. Kama ningekuwa na fungu la fedha za utafiti Muhimbili au Ocean Road, ningeliweka hapa.

Wa tatu ni saratani za nyuma ya ulimi na koo, ambazo tochi haizifikii. Hizo zina visababishi vyake, kirusi cha HPV kikiwemo, na si lazima spektra iliyofundishwa kwa saratani ya shavu izitambue. Zinahitaji utafiti wake.

Basi uchague vipi

Kama wewe au mzee wako anatafuna tambuu, anatumia ugoro, anavuta au anakunywa, na hana dalili: mpeleke kwa daktari wa kinywa na meno, sema wazi kwamba unataka akaguliwe kinywa chote kwa ajili ya saratani, na hakikisha ulimi unavutwa pembeni na chini yake panaonekana. Kung'oa jino peke yake hakuhesabiki kuwa ukaguzi. Kama ana doa au kidonda kilichozidi wiki 2, usitafute kipimo cha kwanza tena. Omba rufaa ya biopsi. Kama mdomo umeanza kukataa kufunguka, mtajie daktari popoo kwa jina lake, maana wengi huulizwa kuhusu sigara pekee wakajibu kwa ukweli kwamba hawavuti.

Kama unaandaa siku ya upimaji na fedha ni za njia moja, zigawe hivi: kwanza mafunzo ya wahudumu, kisha taa nzuri za kichwani, kisha, fungu kubwa kuliko yote, nauli na ufuatiliaji wa watakaopewa rufaa. Zungumza na hospitali kabla ya siku yenyewe ili upate tarehe za biopsi mkononi. Ukiwaita watu wa kila umri utachoka bure. Lenga watumiaji wa tumbaku, popoo na pombe walio na umri wa miaka 30 au 35 na zaidi, maana Kerala iliona faida kwa watumiaji wa tumbaku au pombe, na ilianzia miaka 35.

Kama mtu amekujia na mashine ya leza au anakuuzia kipimo cha damu cha saratani ya kinywa, muulize wale wazima aliowapima walikuwa watumiaji wa tumbaku au la. Muulize kama kipimo kimejaribiwa kwenye hospitali nyingine na mashine nyingine mbali na ile iliyokifundisha. Muulize wazima wangapi katika 100 huitwa bure. Muulize jibu likiwa baya na mdomo ukiwa safi, anamwambia nini mgonjwa.

Na kama umeombwa kutoa damu kwa ajili ya utafiti wa aina hii, pengine ukiwa India na mgonjwa wako kama wengi wetu tunavyokwenda, au hapa nyumbani, mimi ningetoa. Watafunaji wazima ndio wanaokosekana kwenye tafiti hizi, na bila wao leza haitajifunza kutenganisha tumbaku na saratani. Soma fomu ya ridhaa, uliza sampuli itakaa wapi na kama utapewa majibu. Kisha, kabla hujashuka kwenye kile kiti ulichotolea damu, omba mtu akuangalie mdomo.